Paka Wenye Alama ya Sikio

Jumatatu, 4 Februari 1957

Punda wanne asubuhi. Madonda ya mgongo, yale yale ya matandiko mabovu. Nimeosha, nimepaka dawa ya zambarau, nimewaambia wenyewe wawapumzishe siku saba. Hawatawapumzisha. Kesho nitakutana nao kichochoroni wamebeba mawe.

Saa sita mchana, barua kutoka Mombasa, na kasha dogo pamoja nayo. Bwana Mkubwa wa idara amepata malalamiko. Paka wa Amu, kama wenyewe waiitavyo Lamu, wamezidi, hasa gatini na sokoni kwa samaki. Tena kuna habari ya mbwa mwenye kichaa huko bara, na paka wakishikwa na ugonjwa ule kisiwa kizima kitakuwa hatarini. Naagizwa niwapunguze kabla hajaja mwenyewe kukagua, mwisho wa Machi. Ndani ya kasha kuna chupa ya sumu. Nimeifungia kabatini.

Nina miezi mitano hapa. Chumba kimoja juu ya ofisi. Tangu Jumamosi mchana mpaka leo asubuhi nimesema neno moja tu, dukani: "Sukari."

Jumanne, 5 Februari

Nimewakumbuka mbwa wa Voi, tulioagizwa kuwaua nilipokuwa kazini huko. Nyama ile niliipaka sumu mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Mmoja alifia mbele ya mlango wetu, amekakamaa kama ubao, macho wazi, akili yake nzima. Ilichukua muda. Mke wangu aliona yote. Jioni aliniambia, "Leo usinishike." Hakuwa amekasirika. Aliniogopa. Ingekuwa hasira ningeistahimili.

Mwaka na miezi minne tangu tumzike. Hatukujaliwa mtoto. Niliomba kazi ya pwani ili nisiwe napita karibu na kaburi kila siku niendapo kazini. Nimepata nilichoomba. Sipiti karibu na chochote.

Alhamisi, 7 Februari

Nimezunguka mji kuangalia paka. Wembamba, miguu mirefu, masikio makubwa. Hawafanani na paka wa kwetu Taita. Wanakaa juu ya kuta na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Wengi wako kwenye kichochoro kimoja nyuma ya soko, mlangoni kwa mama mjane aitwaye Bi Zuhura. Jina nimeambiwa na Shee, tarishi wa ofisi. Kila asubuhi huwatolea vichwa vya samaki juu ya sinia. Sikumwona, niliona mkono tu na ukingo wa buibui. Akaniuliza kutoka ndani, "Nani huyo asimeme ndiani?" Ndia kwao ni njia. Nikajibu kuwa mimi ni Dakta wa mifugo.

"Hapa hapana ng'ombe," akasema, akafunga mlango.

Nilicheka peke yangu mpaka ofisini. Kisha nikatambua kuwa hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya wiki hii.

Ijumaa, 8 Februari

Nimeandika barua kwa Bwana Mkubwa. Nimeomba nijaribu kuwakamata, kuwahasi na kuwarudisha pale pale nilipowatoa, badala ya sumu. Nimeeleza: paka asiyezaa bado atakula panya, bado atalinda mahali pake wasiingie wengine, na baada ya miaka michache idadi itapungua yenyewe. Nikiwaua wote, wa mashambani watakuja kujaza nafasi.

Nimeandika "kuwahasi madume". Majike sikuyataja. Mimi si daktari. Ni msaidizi, na wananiita Dakta kwa kuwa hapana mwingine. Madume naruhusiwa. Kupasua jike siruhusiwi. Lakini dume mmoja akibaki, majike yote yatazaa. Najua hivyo, naye anajua hivyo. Tutaona kama atauliza.

Jumapili, 10 Februari

Hapana kanisa la kwetu hapa. Nimesoma zaburi chumbani, kwa sauti, ili nisikie sauti.

Jumatatu, 18 Februari

Jibu limekuja. "Jaribu. Sumu ibaki tayari. Nikifika nikaona vitoto vya paka gatini, utaitumia siku hiyo hiyo mbele yangu." Hakuuliza kuhusu majike.

Nilifurahi sana. Nikatafuta mtu wa kumwambia. Nikamwambia Shee. Shee akasema yeye aliajiriwa kubeba barua, paka hatashika.

Jumatano, 20 Februari

Nimenunua mtego wa samaki mkuukuu uliosukwa kwa fito, wanauita lema. Mdomo wake unaingia ndani kama faneli. Samaki akiingia hatoki, na paka vile vile. Ndani nimeweka kipande cha papa mkavu. Harufu ile inavuta paka kutoka mitaa mitatu.

Dume wa kwanza amenasa kabla ya saa mbili. Mweupe, amejaa makovu ya vita. Nilimtumbukiza kichwa kwanza ndani ya kiatu changu kirefu cha mpira, tulivyofundishwa chuoni, nyuma ikabaki nje. Dakika chache kazi imekwisha. Nimemkata ncha ya sikio la kushoto, kama tunavyowatia ng'ombe alama, nisije nikamkamata mara ya pili. Jioni nikamrudisha palepale. Akakimbia hatua tano, akakaa, akaanza kujilamba, akanigeuzia mgongo.

Kiatu hakivaliki tena.

Ijumaa, 22 Februari

Sasa nina jina jipya. Mhasi Paka. Nikiingia dukani watu wananyamaza. Mwenye duka ananipimia mchele bila kunitazama.

Baada ya sala ya Ijumaa alikuja Mwalimu Athumani, anayesomesha watoto Kurani karibu na soko. Mzee mpole, msafi, fimbo mkononi. Hakukaa.

"Bwana Dakta, huyu paka ni kiumbe alowekwa na Mola. Kumkata kizazi si jambo jema kwetu."

Sikubishana. Nilifungua kabati nikamwonyesha chupa, nikamsomea barua ya kwanza, maneno yote. Akakaa. Aliishika chupa muda mrefu, akaigeuza, akairudisha mezani taratibu kama yai. Kisha akasema hawezi kuniambia nifanye, ila hatamwambia mtu anizuie. Akaniuliza kama wanahisi maumivu. Nikamwambia madume kidogo tu. Majike, kama dawa ya usingizi imeingia sawa, hayahisi.

"Na isipoingia sawa?"

Niliirudisha chupa kabatini, nikafunga. Aliondoka akaniombea dua mlangoni. Sijui aliniombea mimi au paka.

Jumanne, 26 Februari

Jike la kwanza. Niliwahi kuona jambo hili likifanywa mara mbili maishani, na mara zote mbili nilishika taa tu. Nimechemsha vyombo. Nimechemsha uzi wa hariri kutoka kwa fundi cherehani. Kulabu ya kuvutia mfuko wa uzazi sina, nikachemsha kulabu ya kufumia ya marehemu mke wangu. Ilikuwa ndani ya sanduku langu. Sikumbuki kuiweka.

Nilimpasua ubavuni, si tumboni, ili kidonda niweze kukiona kwa mbali akishaachiwa. Mkono mmoja wakata, mwingine washika kitambaa cha dawa juu ya pua. Jasho likaniingia machoni na sikuwa na mkono wa tatu. Saa nzima na zaidi. Lakini ameamka. Amejaribu kuniuma. Nimefurahi nikaketi sakafuni.

Jumatano, 27 Februari

Jike amelala chumbani kwangu ndani ya kasha. Asubuhi niliamka nikasikia pumzi isiyo yangu. Nikabaki kitandani kuisikiliza.

Jumamosi, 2 Machi

Kazi inakwenda. Madume karibu yote ya gatini yana alama. Majike manne, yote hai. Natega kila alfajiri, nawarudisha baada ya siku mbili.

Leo Bi Zuhura amenisemesha. Nilikuwa nafungua kasha mlangoni kwake, jike mweusi akatoka. Nikasikia, "Huyo alikuwa apotele siku mbili. Ni wewe?" Nikasema ni mimi, nikaeleza. Akaniuliza maswali mengi, ya akili. Kidonda kitakauka lini. Ale nini. Kisha akatoa uso. Uso mwembamba, macho makali. Alisema watoto wake wawili wako Mombasa, wote wana kazi, wote wana shughuli. Paka hawa ndio wanaoijua saa yake ya kuamka.

Akanionyesha mmoja wa rangi ya chungwa aliyekuwa amekaa kizingitini. "Huyu ni Marijani. Huyu ni wangu wa ndani. Huyu usimguse."

Nikaahidi.

Jumatano, 6 Machi

Marijani amekufa.

Nataka kuandika ilivyokuwa. Hakuna mwingine atakayeiandika.

Alfajiri alikuwa ndani ya lema. Nilimjua mara moja. Ningemfungulia. Nilisimama pale nikafikiri: ni jike, anazurura kama wengine, atazaa gatini kama wengine, na Bwana Mkubwa hatauliza yupi ni wa nani. Nikafikiri pia kwamba nitamrudisha kabla mwenyewe hajaamka vizuri, na akija kuona sikio na kidonda jambo limekwisha. Nikaharakisha. Nilimwaga dawa nyingi ili alale upesi. Nilikuwa nimeinama kwenye kidonda, sikuona ubavu ulipoacha kupanda. Nilipoona, ulimi ulikuwa umegeuka rangi. Nilimkanda kifua. Nilimpulizia puani kwa mdomo wangu. Nilimshika miguu ya nyuma nikampunga, kama tunavyofanya kwa ndama aliyezaliwa kimya.

Nimemzika nyuma ya ofisi. Mchanga pale ni mwepesi, unaporomoka, ilibidi nichimbe sana.

Alhamisi, 7 Machi

Nilipita kichochoroni. Sikuwa na sababu ya kupita, ila ningeacha kupita ingejulikana. Bi Zuhura alikuwa mlangoni.

"Bwana Dakta, hukumuona Marijani?"

"Sikumwona."

Ilitoka upesi sana, kama iliyokuwa tayari kinywani.

Jumamosi, 9 Machi

Sikutega jana wala leo. Nimewaambia watu lema limevunjika. Halikuvunjika.

Nimeandika barua nyingine Mombasa. Nimeomba uhamisho. Popote. Sababu niliyoandika ni joto la pwani. Naona haya hata kuisoma tena. Nimempa Shee aipeleke botini kabla sijabadili nia.

Jumatano, 13 Machi

Sasa nazunguka kwa njia ya ufukweni ili nisipite kwake. Ni mbali zaidi. Kutoka ufukweni, alfajiri, namsikia akiita. "Marijani. Marijani." Haiti kwa sauti kubwa. Anaita kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili.

Punda wawili leo. Sikumbuki nilichowafanyia.

Jumamosi, 16 Machi

Simu ya maandishi: Bwana Mkubwa atafika Jumatano ya tarehe 27.

Nimekwenda gatini kuangalia. Majike matatu hayana alama, na mmoja tumbo limeshuka, siku zake ni chache. Hayakaribii lema tena. Yameona wenzao wakinaswa. Yanayemwamini ni mtu mmoja tu mji huu. Kwake huingia mpaka uani, hulala miguuni pake.

Nimekaa mbele ya kabati. Chupa ipo. Nimejiuliza kama naweza. Najua naweza. Nimewahi. Ndilo linalonitisha.

Jumatatu, 18 Machi

Nimekwenda. Saa nne asubuhi, watu wakipita, nisiweze kurudi nyuma bila kuonekana.

"Hodi, Bi Zuhura."

"Nani?"

"Mimi, Dakta."

Hakusema karibu. Alikuja akasimama nyuma ya mlango ulio wazi nusu. Nikasema yote nimesimama. Kwamba Marijani aliingia mtegoni. Kwamba nilimjua. Kwamba nilimpasua bila kumwuliza mwenyewe, akafa mikononi mwangu, na nimemzika nyuma ya ofisi.

 Mtu akapita na punda, ikabidi nijibane ukutani.

"Wewe ulinambia hukumuona."

"Nilikudanganya."

"Kulla alfajiri namwita. Nawe wasikia?"

"Nasikia."

Nilitaka anitukane. Alifunga mlango polepole, nikasikia komeo likiingia.

Niliyotaka kumwomba, kuhusu yale majike matatu, sikuyasema. Ningewezaje.

Jumanne, 19 Machi

Hakuna la kuandika.

Jumatano, 20 Machi

Lazima niandike leo vizuri.

Saa tatu Shee alipanda ngazi mbio. "Dakta, kuna bibi chini." Alivyosema ungedhani ni gavana. Anasema hajapata kumwona Bi Zuhura nje mchana tangu mumewe azikwe.

Alikuwa amejifunika buibui lote, na mkononi tenga lililofungwa kwa leso. Ndani ya tenga, jike mwenye mimba. Alipanda ngazi taratibu, akapumzika mara mbili. Aliangalia chumba changu: kitanda kimoja, kikombe kimoja, zaburi, vyombo. Akakaa kwenye kiti, akasema habari ya chupa ameambiwa na Mwalimu Athumani, na paka wasio na alama anawajua.

"Nataka kuona mkono wako ufanyavyo," akasema. "Mato yangu yaone."

Nikamwambia si jambo la kupendeza kutazama. Akasema amezaa watoto saba, wazima ni wawili, asiambiwe habari ya damu.

 Nilipomwekea paka kitambaa, Bi Zuhura alisogeza kiti, akaweka vidole viwili kifuani pa paka bila kuambiwa. Nikapasua. Nikasikia, "Pumzi yapungua." Nikaendelea. "Dakta. Yapungua. Ondoa." Nikaondoa kitambaa. Nikasimama, mikono juu, nikingoja. "Haya. Yarudi sasa." Ikawa hivyo mpaka mwisho. Yeye na pumzi, mimi na kidonda. Hakunitazama hata mara moja. Nilipotoa mfuko wa uzazi na vilivyokuwa ndani, aligeuza uso ukutani akasoma kitu kwa midomo, kisha akaurudisha.

Paka aliamka kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa naosha mikono aliponiuliza, "Siku ile ungelikuwa na mtu wa kukwambia hivi, angelikuwa hai?"

"Huenda."

"Mbona hukuita mtu?"

"Sina mtu wa kumwita."

Nilisema kama unavyosema huna chumvi. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye kata na sikuikinga mikono. Yeye alichukua leso yake akaikunja mara nne.

"Kesho nitakuletea mwingine," akasema. Mlangoni akaongeza, "Sikukusamehe. Ujue."

Nikasema najua.

Jumamosi, 23 Machi

Yote matatu yamekwisha. Yote hai. Alikuja kila siku saa ile ile. Anakaa, anahesabu pumzi, anaondoka. Leo alinionyesha kwamba kushona kwangu ni kubaya. Akachukua kipande cha kitambaa akanifundisha fundo dogo lisilokwaruza. Ni kweli, ni bora.

Nimeonja kitu kama furaha na nimejionea haya, kwa sababu ya aliyezikwa nyuma ya ofisi.

Jumatano, 27 Machi

Bwana Mkubwa amefika na boti ya asubuhi. Mzungu mrefu, mgonjwa wa bahari, amechoka. Tulitembea gatini na sokoni. Paka walikuwapo, wamelala vivulini, masikio yamekatwa. Kitoto cha paka hata kimoja hakuna. Alitafuta kwa dhati, aliinama mpaka chini ya meza za samaki.

Kisha yule jike mweusi akapita mbele yetu. Kovu la ubavuni, manyoya yanaota upya. Bwana Mkubwa akasimama.

"Nani aliyempasua huyu?"

"Mimi."

"Una ruhusa?"

"Sina."

Aliniuliza ni wangapi. Nikamwambia. Aliniuliza wangapi wamekufa. Nikasema mmoja. Aliniuliza ulikuwaje, nikaeleza dawa ilikuwa nyingi, nilikuwa peke yangu na niliharakisha.  Akasema ataandika karipio kwenye faili langu, kwani hawezi kufanya kana kwamba hakuona. Halafu akaomba ufunguo wa kabati, akaitoa chupa, akaitia kwenye begi lake katikati ya nguo. Paka wa Amu waachwe, akasema, mpaka atakapoagiza vingine.

Tukarudi gatini. Mguu mmoja tayari uko botini, akageuka. "Ombi lako la uhamisho limekubaliwa. Taveta. Karibu na nyumbani, sivyo? Mwenzako atakuja kushika nafasi."

Nilitaka kusema siutaki tena. Nilifungua kinywa. Akawa ananipa mkono, mashine ikawashwa, nikasema, "Ahsante, Bwana."

Nilisimama pale mpaka boti ikazunguka ikapotea. Mimi ni mpumbavu.

Jumatatu, 1 Aprili

Ramadhani imeingia. Mji umebadilika sauti. Mchana kimya, maduka yamefungwa nusu, hata watoto wanatembea polepole. Nakunywa maji yangu chumbani, dirisha limefungwa, nisimuudhi mtu.

Shee amesikia habari za Taveta. Amesema, "Utakwenda lini?" Nikasema Jumamosi. Akasema wale paka wa gatini watanitafuta. Nikasema hawatanitafuta, wananichukia. Akafikiri, akakubali.

Jumatano, 3 Aprili

Nimehesabu vyombo, nimeandika orodha, nimetia mafuta. Nimemwandikia atakayekuja ukurasa mzima: dawa kiasi gani kwa paka mdogo, kiasi gani kwa mkubwa. Kwamba asifanye peke yake. Kwamba akikwama amwendee Bi Zuhura, nyuma ya soko, na aseme kweli tangu mwanzo. Hilo nimelipigia mstari.

Sijamwambia mwenyewe kuwa naondoka. Nimefika mpaka pembeni ya kichochoro mara mbili.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilikwenda alasiri, baada ya joto kupungua. Paka walikuwa wamejaa ngazini, wengine waliamka, wengine hawakujali. Nikabisha. Alikuja. Nikamwambia ni kesho.

Alisema alikwisha kusikia tangu Jumatatu, mji ni mdogo. Alisema, "Wote hapa huondoka." Hakuwa analalamika. Aliniuliza Taveta kuna bahari? Nikasema hakuna, kuna ziwa na mlima. Akaniuliza nani ananingoja huko. Nikasema hakuna, ila kaburi la mke wangu litakuwa si mbali. Akauliza jina lake. Nikamwambia. Akalirudia vizuri, bila kukosea, kisha akamwombea rehema kwa Kiarabu. Sikumwambia kuwa marehemu alikuwa Mkristo. Nadhani anajua.

"Kaa," akasema.

Nikakaa kwenye baraza ya nje. Yeye akakaa ndani, upande wa pili wa ukuta, mlango wazi kati yetu.  Watu walipita na vyakula vilivyofunikwa, wakatoa salamu, nikaitikia. Jua likatoka ukutani. Nilitambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu, si kwa kufunga, nilisahau tu.

Adhana ikaanza. Nikasikia anakunywa maji, mafunda matatu. Mkono ukatoka na kisahani, tende nne.

"Kula nawe."

Nikala mbili. Mbili nikamrudishia. Alipoinuka kwenda kuswali nami nikainuka.

Mizigo ni sanduku na begi. Nimefagia chumba.